Meno ya Mbwa na Paka: Bima Hulipa Nini?

  Leo tunazungumza kuhusu meno, lakini si meno ya mtoto. Ni meno ya mbwa na paka tunaokaa nao. Tutajibu pia swali hili: je, kuna bima inayolipia meno hayo?

Huenda umeguna ukasema, "Haya basi! Hata mbwa ana bima?" Ndiyo mama, katika nchi nyingine anayo. Marekani, mkataba wa kwanza wa bima ya mbwa uliuzwa mwaka 1982, na mbwa mwenyewe alikuwa yule wa televisheni aliyeitwa Lassie. Uingereza leo mamilioni ya mbwa na paka wana bima. Kama una dada au binti anayeishi huko, muulize atakueleza.

Kwetu Kenya wenye bima ya namna hiyo ni wachache. Kadi ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ni ya watu. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 nayo hutazama ukame na ukosefu wa malisho. Haitazami jino.

Basi kwa nini tuzungumze jambo hili? Kwanza, siku moja wakala anaweza kubisha hodi akuuzie bima ya mbwa, na ni vizuri ujue la kumuuliza. Pili, mnyama ambaye kinywa chake kinauma anaweza kumuuma mtoto anayemshika usoni. Tatu, masharti ya bima hiyo yana funzo kwa kila nyumba, hata isiyo na bima. Tutaliona mbele.

Tuanze na meno yenyewe. Mtoto wako ana meno 20 ya utotoni, na akikomaa anakuwa na 32. Mbwa mdogo ana 28, na mbwa mzima 42. Paka mdogo ana 26, na paka mzima 30. Meno yao huharibika vipi? Kila siku utando laini hujipaka juu ya jino. Huo ndio ukoga. Usipoondolewa, baada ya siku chache huanza kuwa mgumu kama jiwe, wenye rangi ya manjano au kahawia. Vijidudu hukaa hapo na ufizi huvimba. Katika hatua hiyo, meno yakisafishwa vizuri ufizi hupona. Lakini ukiacha, vijidudu hushuka hadi kwenye mzizi na kula mfupa unaoshika jino. Mfupa ulioliwa haurudi kama zamani. Mbwa na paka wengi wa zaidi ya miaka 3 tayari wana dalili fulani za ugonjwa huu.

Utajuaje? Mnyama hasemi "jino linaniuma." Mara nyingi ataendelea kula huku anaumia. Kwa hivyo mtazame. Je, kinywa chake kinanuka vibaya? Je, mate yake yana damu? Je, anatafuna upande mmoja tu, au anaangusha chakula? Je, ana uvimbe chini ya jicho? Uvimbe huo huweza kuwa jipu la mzizi wa gego la juu. Paka naye anaweza kusogelea sahani kwa njaa, akaonja, kisha akakimbia. Paka asipokula kabisa, usimngoje. Siku mbili au tatu bila chakula zinaweza kuharibu ini lake.

Hapa mama, nisikilize vizuri. Ukiona mbwa anatokwa na udenda mwingi, anashindwa kumeza au taya limelegea, usitie mkono kinywani ukidhani mfupa umemkwama. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa pia. Watoe watoto mbali na umwite daktari wa mifugo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umpeleke hospitalini siku hiyo hiyo ili aanze chanjo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na mbwa na paka wako wachanjwe kila mwaka.

Sasa turudi kwenye bima. Tutachukua mfano wa Uingereza na Marekani, kwa kuwa huko ndiko imezoeleka. Bima si zawadi. Unatoa malipo kila mwezi, na kampuni inaahidi kukusaidia mnyama akipatwa na jambo lililoandikwa kwenye mkataba. Ambalo halikuandikwa halilipwi. Kwa upande wa meno, kuna mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ajali. Mbwa amegongwa na gari jino likavunjika, au paka ameanguka chonge likakatika. Hili mikataba mingi hulipia, hata ile ya bei nafuu.

Fungu la pili ni ugonjwa. Ufizi umeoza, kuna usaha kwenye mzizi, au jino la paka linayeyuka lenyewe, jambo linalowapata paka wengi. Hapa mikataba hutofautiana. Mingine hailipi kabisa. Mingine hulipa kwa masharti, na mara nyingi hiyo ndiyo ya bei ya juu.

Fungu la tatu ni usafi wa kawaida: kukwangua ukoga, kung'arisha meno, kununua mswaki. Mkataba wa kawaida hauligusi fungu hili. Marekani unaweza kuongeza malipo ili upate mpango wa pembeni unaosaidia kidogo. Bila hiyo, usafi ni juu yako.

Tuyatazame masharti, kwa maana hapo ndipo watu wengi hulia.

Sharti moja ni muda wa kungoja. Ukinunua bima leo, huwezi kudai kesho kwa ugonjwa. Mara nyingi ni siku 14, na kwa meno kampuni nyingine huweka muda mrefu zaidi.

Sharti la pili ni ugonjwa uliokuwepo kabla. Tuseme mwezi wa Machi daktari aliandika kwamba ufizi wa paka wako umevimba. Mwezi wa Juni ukanunua bima. Septemba jino likang'olewa. Kampuni itaomba rekodi za daktari, itasoma maneno yale ya Machi, na itakataa kulipa. Haitajali kwamba hukujua.

Sharti la tatu ni kupimwa meno kila mwaka. Mikataba mingi ya Uingereza inayolipia ugonjwa wa meno inataka mnyama awe amepimwa kinywa na daktari ndani ya miezi 12 iliyopita. Na daktari akisema, "Huyu asafishwe meno," ni lazima ufanye hivyo ndani ya muda uliowekwa. Ukiahirisha kwa kusema mwezi ujao, mwezi ujao, hadi meno manne yang'olewe, kampuni inaweza kusema hasara ile uliitaka mwenyewe.

Sharti la nne ni pesa. Mara nyingi unamlipa daktari kwanza, kisha unadai. Na hurudishiwi zote. Tufanye hesabu. Tuseme huko Marekani bili ya kung'oa meno ni dola 1,000. Mkataba unasema dola 250 za kwanza ni zako. Zinabaki 750. Kampuni inalipa asilimia 80 ya hizo, yaani dola 600. Wewe mwenyewe utakuwa umetoa dola 400, juu ya yale malipo uliyotoa kila mwezi. Tena kuna kikomo cha mwaka. Ukikifikia, kampuni hailipi zaidi.

Mbona bili iwe kubwa hivyo? Kwa sababu mbwa hawezi kuambiwa, "Fungua kinywa, tulia." Ni lazima apewe dawa ya usingizi ili daktari asafishe hadi chini ya ufizi. Inafaa pia apigwe eksrei, kwa kuwa sehemu kubwa ya jino haionekani kwa macho. Basi mtu akikuambia atakwangua ukoga mbwa akiwa macho, kwa shilingi chache, ujue atang'arisha juu tu. Ugonjwa utabaki chini.

Umeona sasa lile funzo nililosema? Kampuni ya bima hulipa kwa moyo mtu aliyejali meno mapema, na humkatalia aliyengoja. Usafi hailipii, ilhali usafi ndio unaozuia ugonjwa. Kwa hivyo mwenye bima na asiye na bima wote wana kazi ile ile nyumbani. Tofauti ni kwamba asiye na bima, kazi hiyo ndiyo kinga yake pekee.

Kazi yenyewe ni hii. Anza mnyama akiwa mdogo. Siku za kwanza, mzoeze tu kuguswa mdomo. Baadaye funga kitambaa safi kilicholowa kwenye kidole, usugue meno upande wa nje, karibu na ufizi. Akizoea, tumia mswaki laini wa mtoto, uwe wake peke yake. Kila siku ni bora. Usipoweza, fanya hivyo siku kadhaa kwa wiki. Kazi hii ni ya mtu mzima, si ya mtoto. Na kama mnyama tayari ana maumivu au anang'aka, usimlazimishe. Mpeleke kwanza kwa daktari.

Usitumie dawa ya meno ya watu. Mnyama hajui kutema, na floridi iliyomo haimfai. Dawa nyingine zina sukari ya bandia iitwayo zailitoli, ambayo ni sumu kali kwa mbwa. Kuna dawa ya meno ya wanyama, lakini ukiikosa, maji safi yanatosha.

Usimpe mbwa mifupa iliyopikwa. Hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kukwama tumboni, na mfupa mgumu huvunja magego. Usimzoeze kucheza na mawe. Usikwangue meno yake kwa kisu.

Na tafadhali mama, usimpe dawa ya maumivu kutoka kabati lako. Parasetamoli huua paka, hata kwa kipimo kidogo. Ibuprofeni ni hatari kwa mbwa na paka pia. Mwombe daktari dawa inayomfaa mnyama, na uhakikishe daktari huyo amesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo nchini.

Unapompeleka mbwa au paka kuchanjwa, usiondoke hivi hivi. Sema, "Daktari, mtazame na kinywa." Mwombe aandike alichoona katika kadi ya mnyama, pamoja na tarehe. Kadi hiyo itamsaidia daktari mwingine kesho, na ukija kununua bima ndiyo ushahidi wako.

Na je, wakala akibisha hodi? Mkaribishe, umpe kiti, kisha umuulize. Je, kampuni yako imepewa leseni na IRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima? Meno yamo katika mkataba au hayamo? Ni ajali peke yake, au na ugonjwa? Nitangoja siku ngapi? Ni lazima apimwe mara ngapi kwa mwaka? Nitatoa kiasi gani kwanza kabla ninyi hamjalipa? Kikomo cha mwaka ni shilingi ngapi? Akijibu kwa mdomo, mwambie akuonyeshe mahali palipoandikwa. Kama husomi lugha ya mkataba, mwite mtu unayemwamini akusomee kabla ya kutia sahihi. Na kama malipo ya kila mwezi yatakula karo au chakula cha watoto, hakuna aibu kusema hapana. Unaweza kuweka akiba kidogo kidogo ya mnyama, katika chama au kwenye simu, siku ya daktari isikukute mikono mitupu.

Kabla hatujaagana, haya ndiyo ya kukumbuka. Moja, kinywa kinachonuka si kawaida ya mbwa, ni ishara ya ugonjwa. Mbili, bima hulipia ajali ya jino kwa urahisi, ugonjwa kwa masharti, na usafi mara chache. Tatu, mnyama apimwe kinywa kila mwaka, na lolote litakaloonekana litibiwe mapema. Nne, watoto wasishike mdomo wa mnyama anayekula au anayeumwa. Tano, anayetokwa na udenda na kushindwa kumeza, usimguse, ita daktari.

Leo jioni, kukiwa bado na mwanga, mwite mbwa wako aliyezoea kushikwa. Inua mdomo wa juu taratibu, utazame magego ya nyuma. Ukiona meupe na ufizi wa rangi ya waridi, umshukuru Mungu na uendelee kuyatunza. Ukiona kahawia na wekundu, panga safari ya daktari wiki hii.