Wateja Wanne, Mto Mmoja

Leo tunazungumzia mikopo, lakini tunaanzia mtoni. Ruaha Mkuu hukusanya maji ya milima ya Uporoto na Kipengere, hupita bonde la Usangu wilayani Mbarali, kisha hufika bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Mtera ina mitambo ya megawati 80, na maji hayohayo yakiteremka huzungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204. Sasa mfikirie afisa mikopo wa benki. Mezani pake kuna faili la mkulima wa mpunga wa Ubaruku, la mwenye mashine ya kukoboa Igurusi, la mwenye lori la kupeleka mchele Dar es Salaam, na la fundi wa kuchomelea mageti mjini Iringa. Kwa hesabu za benki hao ni wateja wanne wa biashara nne, na hatari imegawanyika. Kwa hesabu ya maji ni mteja mmoja.

Mvua ikigoma milimani, mfereji hukauka mpunga ukiwa bado haujachanua. Mkulima hana rejesho, mashine inakosa cha kukoboa, lori halina mzigo. Bwawa nalo likishuka, mgawo wa umeme unaanza, kama mwaka 2006 na tena 2011, na fundi anawasha jenereta ambayo dizeli yake inamaliza faida. Benki ikigeukia dhamana, inakuta mashamba ya mfereji uleule yananadiwa kwa mpigo na wanunuzi hawapo. Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapokuwa suala la fedha: mikopo mingi inachechemea pamoja, na dhamana inapoteza thamani siku ileile inapohitajika.

Wapo watakaosema Ruaha haikaushwi na tabianchi, bali na mifereji na mifugo. Wana hoja nzito. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na matumizi ya maji huko juu yana mkono mkubwa katika hilo. Lakini hoja hiyo haimpi mwekezaji nafuu yoyote. Mto ambao maji yake yote tayari yana mwenyewe hauna akiba ya kuvumilia msimu mbaya, na misimu ikizidi kutotabirika, upungufu mdogo wa mvua unazaa hasara kubwa. Wengine watataja Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, ambalo hupata maji yake mengi kutoka mto mwingine, Kilombero. Kweli, limempunguzia fundi wetu wa Iringa mashaka. Mpunga wa Ubaruku halikuuongezea hata tone.

Maji si tatizo pekee; joto nalo linapanda. Na baridi ya nyanda za juu je, si kinga? Kwa kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya Arabika nchini ulionyesha kuwa joto la usiku likipanda kwa nyuzi 1, mavuno hupungua kwa kilo zipatazo 137 kwa hekta. Anayepanda kahawa Mbeya leo, au chai Mufindi, anaweka fedha kwenye mmea utakaosimama miongo kadhaa, huku benki ikipima rekodi ya mavuno ya misimu iliyopita.

Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo mwaka 2022 ikizitaka benki kusimamia hatari za kifedha zitokanazo na tabianchi. Ni hatua nzuri, ila nadhani swali lenye faida zaidi bado ni jepesi kuliko fomu yoyote: maji ya biashara hii yanatoka wapi, na nani mwingine anayategemea? Hata bima ya mazao inayolipa kwa kipimo cha mvua inahitaji swali hilo. Kipimo kikisoma mvua ya Ubaruku, mkulima anaweza kunyeshewa vya kutosha kwenye karatasi na asilipwe chochote, ilhali ukame uliomuumiza ulikuwa juu, Uporoto.