Malaria ya kila msimu na uvimbe wa taya

Leo tunazungumzia malaria, hasa kile inachomwachia mtoto anayeugua kila mvua zikinyesha.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi akakutana na mwingine Jinja. Ikamkosesha raha. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakagundua kwamba uvimbe ule unapatikana kwenye joto na mvua, na haupo kwenye nyanda za baridi. Yaani unamfuata mbu. Kanda yetu ya Ziwa imo. Mwaka 1964, London, Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo.

Kirusi hicho huambukizwa kwa mate, na watoto wetu karibu wote wanacho kabla ya kuanza shule, bila madhara. Hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, chembe hizo huzaana mbiombio, huku kinga inayokidhibiti kirusi ikidhoofika. Katika pupa hiyo vinasaba vya chembe moja vinaweza kukatika na kuungwa pasipo pake. Saratani inaanzia hapo.

Kwa jirani zetu wa Mara Kaskazini, watoto walipewa klorokwini, dawa ya malaria, kuanzia 1977 hadi 1982. Saratani hiyo ilipungua, ingawa ilikuwa imeshaanza kushuka kabla, kwa hiyo si ushahidi wa kushangilia sana.

Sasa mama, baba: gego la mtoto wa miaka mitano likilegea na shavu likajaa, usikimbilie kung'oa. Wala usisubiri dawa ya kienyeji ifanye kazi. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, lakini pia husikia dawa za saratani kuliko nyingi nyingine. Nenda zahanati, omba rufaa. Kwa sisi wa Simiyu, matibabu yako Bugando, Mwanza.

Wiki ijayo ni kichocho cha malamboni, na jinsi kikikaa miaka mingi kinavyoweza kuleta saratani ya kibofu.