Sambaza alibebwa: nani ataulizwa kwa mgeni anayefuata?



Sisi wote hapa Goma tumekula bugali na sambaza. Tunamuita samaki wetu. Lakini sambaza haiko wa hapa. Alitoka ziwa Tanganyika, na peke yake hangefika: maporomoko ya Ruzizi yanafunga njia. Watu ndio walimubeba, kati ya 1958 na 1960, wakati wa Wabelgiji.

Katikati ya Kivu kulikuwa tududu tudogo twa majini, na hakuna samaki wa kutukula. Sambaza alikuta nyumba tupu, akazaa, akajaa. Leo anasomesha watoto wa wavuvi na wa mamama wauzaji wa Kituku. Hatumukatai. Ila kadudu kamoja, dafnia, kakamalizika ziwani. Na babu zetu hawakuulizwa.

Safari ile tulibahatika. Wa Victoria waliwekewa sangara miaka ya 1950. Pesa iliingia, viwanda vikajengwa, lakini aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wa kule, zikapotea. Kisha gugu-maji, ua la mapambo kutoka Amerika ya Kusini, likateremka na mto Kagera. Miaka ya 1990 mitumbwi ikakosa pa kupita.

Mugeni haiko mubaya juu ni mugeni. Anakuwa mubaya akikosa wa kumuzuia, akinyang'anya wenyeji chakula na nafasi. Na hilo hatulioni siku anaachiliwa majini. Tunaliona kisha miaka, wakati hakuna tena namna ya kumutoa.

Na bado haijaisha. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, alionekana Kivu. Anagombania chakula na sambaza. Tulimukuta tayari ndani.

Njo maana tunasema:

Moja: serikali, mradi ao mufugaji, hakuna wa kuweka samaki ao mumea mupya ziwani bila wavuvi na wakaaji kuulizwa kwanza, mbele ya wote.

Mbili: mwenye bwawa la kufuga asimwage samaki zake ziwani wala mutoni.

Tatu: ukiona samaki ao jani usilolijua, piga picha, onyesha wavuvi, usinyamaze.

Maji haya wanayategemea Goma, Bukavu na Gisenyi. Anayeyategemea ana haki ya kuulizwa mbele, si nyuma.