Jina la Chama Si Kura



Sisi tuliodai kifungu cha 2A kifutwe, kikafutwa mwaka 1991, tuliamini kwamba wingi wa vyama ungezaa wingi wa fikira. Kabla ya uchaguzi wa 1992 FORD ilikuwa imekwisha kupasuka, naye Moi akashinda kwa kura zisizofika asilimia 37. Tangu hapo tumeona NARC ya 2002, PNU ya 2007 na Jubilee ya 2013. Majina yamebadilika, wenye vyama ni wale wale. Basi vijana walipoandamana Juni 2024 wakitangaza kwamba hawana chama wala kabila, hatukuwa na haki ya kuwakemea.

Kura za maoni nazo wanazitilia shaka. Hawakukosea. Sheria ya 2012 yamtaka anayezitangaza aeleze nani amezigharimia, watu wangapi wamehojiwa, na kadirio la makosa ni kiasi gani. Tuyaulize hayo kila tusomapo takwimu.

Lakini shaka isigeuke usingizi. Katika uchaguzi wa 2022, idadi ya waliojiandikisha wenye umri wa miaka 18 hadi 34 ilipungua kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na ya 2017. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Vijana wetu, yakataeni majina ya vyama mkipenda, ila jina lenu lisikosekane katika sajili ya wapiga kura.