Takataka Zinazokinga Miche

Wapo wataalamu wa kilimo wanaoshikilia kwamba mboji ni chakula cha mmea, basi. Ikipunguza ugonjwa, wanasema, ni kwa kuwa mmea ulioshiba hustahimili, na mfuko wa mbolea ya viwandani ungefanya kazi ileile. Mhadhara huu unaipinga hoja hiyo, na utaijibu kabla ya kusogea mbele.

Ushahidi wa kuivunja umetoka Wooster, jimbo la Ohio nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1970. Wenye vitalu vya miti na maua walikuwa wakitafuta mbadala wa piti, udongo wa kinamasi uliokuwa ghali. Wakageukia magome, taka za viwanda vya mbao, wakayaozesha. Profesa Harry Hoitink wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio akatumia miaka mingi kuchunguza kwa nini mizizi iliyokuwa ikiozeshwa na kimelea Phytophthora kwenye piti ilibaki mizima kwenye magome yale.

Kuna jaribio moja ambalo watetezi wa hoja ya chakula hawana jibu lake. Mboji inayokinga huchemshwa kwa mvuke hadi kila kilicho hai kife. Fosfati na potasi zingali mlemle. Hupandwa matango, hutiwa vimelea vya Pythium, na kinyausi huingia: shina hulegea na kuwa jembamba kama uzi pale linapotokea udongoni, mche ukalala. Ikichanganywa tena mboji kidogo isiyochemshwa, kinga hurudi. Kama chakula ndicho kilichokinga, mvuke ulikiondoaje?

Kilichoondolewa ni jeshi la bakteria na kuvu. Pythium huamshwa na sukari inayovuja kwenye mbegu. Bakteria wa mboji huiwahi sukari hiyo. Rhizoctonia, kimelea kingine cha miche, ni sugu zaidi, huhitaji kushambuliwa na kuvu mwenzake, Trichoderma. Hapo ndipo kazi ya Hoitink na wanafunzi wake inapopendeza kuliko zote: katika mboji mbichi, Trichoderma hula selulosi iliyojaa na kumwacha adui, mboji ikiiva, selulosi ikapungua, humgeukia.

Wengine huhofia kwamba mboji itasambaza magonjwa. Kanuni za Marekani hudai lundo la wazi lifikie nyuzi 55 za Selsiasi kwa siku 15 na kupinduliwa mara tano, na vimelea vingi haviponi hapo, ingawa virusi vya batobato ya tumbaku huweza kupona. Mama yake mhadhiri, mkulima wa nyanya, alipima joto hilo kwa fimbo: huichomeka katikati ya lundo, huichomoa, huishika. Isipochoma kiganja, lundo hupinduliwa.

Mboji si dawa ya kila kitu. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2006 ulipima mboji 18 dhidi ya magonjwa saba: ugonjwa ulipungua katika asilimia 54 ya majaribio, ukaongezeka katika asilimia 3. Mwenye shaka atasema ni nusu tu. Lakini ni zaidi ya nusu kwa kitu kilichokuwa kinatupwa, na kitaluni, ambako kinyausi huua, mboji inayohitajika ni kidogo.

Halmashauri zinazolipia malori kupeleka maganda ya ndizi na mabaki ya kabichi dampo ziyatenge sokoni, na mboji itakayopatikana ipelekwe kwanza kwenye vitalu vya miche.