Msanii Mwanafunzi wa Uganda na Mlango Usio Wake

Mwishoni mwa mwaka 2024 wanafunzi wa kidato cha nne nchini Uganda walifanya mtihani wa kwanza chini ya mtaala mpya wa sekondari, ule ulioanza kutumika mwaka 2020. Mtaala huo umeupunguzia uzito mtihani wa mwisho, kwani asilimia 20 ya alama hutokana na kazi ambazo mwanafunzi huzifanya shuleni mwake kabla ya siku ya mtihani kufika. Umeyaweka pia masomo ya Kiswahili na ujasiriamali katika orodha ya masomo ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Habari ya Kiswahili iliwafurahisha wengi katika Afrika Mashariki na ilizungumzwa sana, kama ilivyostahili. Ile ya ujasiriamali ilipita kimya kimya, ingawa ndiyo inayowagusa zaidi vijana ambao riziki yao itatokana na kuchora, kuchonga, kupiga picha, kucheza ngoma au kutengeneza filamu.

Kijana wa namna hiyo anapomaliza masomo, swali la kwanza analoulizwa halihusu cheti. Huulizwa kazi zake ziko wapi. Zamani alikunja michoro yake, akaitia kwapani, akapita nayo kwenye ofisi na hoteli. Siku hizi hutakiwa kuonyesha jalada la kazi, yaani mkusanyo wa picha za kazi zake pamoja na maelezo yake, uliowekwa kwenye mtandao mahali ambapo mnunuzi wa Kampala, wa Nairobi au wa London aweza kuuona saa yoyote. Asiye na jalada hilo huhesabiwa kuwa hajafanya kazi, hata kama chumba chake kimejaa michoro hadi darini.

Uganda si ngeni katika mafunzo ya sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwalimu mmoja wa Kiingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha uchoraji mjini Kampala, na kutokana na darasa lake dogo ikakua shule ya sanaa ya Makerere ambayo hadi leo ina jina lake. Hapo ndipo alipofunzwa Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga Mnara wa Uhuru unaosimama Kampala tangu mwaka 1962. Hapo ndipo walipopita pia Watanzania wawili, Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wazaliwa wa Kilimanjaro. Mchoro wa Ntiro wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ulinunuliwa mwaka 1960 na jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York. Njau naye alikuwa miongoni mwa waliofungua nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965.

Hata hivyo ni vema kuuliza jinsi watu hao walivyolifikia soko. Ntiro alikuwa amepata nafasi ya kusoma London na kuonyesha kazi zake huko, kwa hiyo walimjua waliokuwa na fedha na waliowajua wenye fedha. Njau alilazimika kujijengea mlango wake mwenyewe. Wanafunzi waliokuja baada yao, ambao hawakuwa na mtu wa kuwashika mkono, walitegemea wageni wa mahoteli na maofisa wa balozi. Utawala wa Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979, ukawafukuza wanunuzi hao, na wasanii kadhaa wakawafuata kwa kukimbilia Nairobi. Hivyo ndivyo soko la sanaa la Kampala lilivyojifunza, kwa uchungu, maana ya kumtegemea mnunuzi ambaye aweza kuondoka kwa ndege ya kesho.

Mabadiliko yaliyoletwa na mtandao yanaonekana vizuri zaidi katika mtaa mmoja wa watu wa kipato cha chini mjini humo, uitwao Wakaliga. Hapo Isaac Nabwana, mtu ambaye alipata fedha zake za kuanzia kwa kufyatua matofali, aliamua kutengeneza filamu. Mengi ya kazi hiyo alijifunza mwenyewe, na kompyuta alizotumia aliziunga kwa vipande vya kompyuta nyingine. Mwaka 2010 alimaliza filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, kwa fedha ambazo, kwa hesabu yao wenyewe, hazikufika dola 200 za Marekani. Waigizaji walikuwa vijana wa mtaani, na silaha zilizoonekana katika filamu zilikuwa vyuma chakavu vilivyounganishwa. Baada ya hapo waigizaji haohao walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuza nakala, wakikimbizana na wezi wa nakala ambao hawachelewi.

Kama yote yangeishia hapo, jina la Wakaliga lisingevuka Ziwa Viktoria. Lakini dondoo za filamu hiyo ziliwekwa kwenye mtandao wa YouTube mwaka huohuo, zikatazamwa na watu wa nchi nyingi. Mmarekani mmoja aliyezitazama alifunga safari akaenda kuishi na kufanya kazi Wakaliga. Mwaka 2015 watengenezaji hao waliomba kwenye mtandao wachangiwe dola 160 tu kwa ajili ya filamu nyingine. Wakachangiwa zaidi ya dola 13,000. Watoto wachezaji wa Kampala wajulikanao kwa jina la Ghetto Kids walipita njia hiyohiyo. Mwaka 2014 walionekana wakicheza wimbo wa Eddy Kenzo, na mwaka 2023 walifika fainali ya shindano la vipaji katika televisheni ya Uingereza.

Mifano hii husimuliwa sana mbele ya wanafunzi, na yafaa isimuliwe. Lakini iko sehemu ya habari ya Wakaliga ambayo husahauliwa. Filamu ile ya asili, kabla haijatiwa sauti ya mtu anayeifafanulia hadhira kama wafanyavyo watafsiri wa filamu wa Dar es Salaam, haipo tena. Nabwana aliifuta katika kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata. Hakuwa na fedha za kununua diski ya pili. Na mjini Nairobi, moto ulioiteketeza Paa ya Paa mwaka 1997 uliangamiza kazi za miaka mingi za wasanii wa kanda hii. Kwa msanii wa Afrika Mashariki, basi, jalada la kazi ni ghala kabla ya kuwa duka, na mwalimu anayelifundisha kama tangazo la biashara tu amemfundisha mwanafunzi nusu ya somo.

Namna ya kulitengeneza haihitaji fedha nyingi. Mchoro hupigwa picha mchana kivulini, karibu na mlango, bila taa ya kamera, ili rangi zisipotoke; sanamu hupigwa kutoka pande kadhaa. Kila kazi huandikiwa vipimo vyake, vitu vilivyotumika, mwaka na mahali ilipo sasa. Kazi kumi zilizochaguliwa kwa makini zinamfaa mnunuzi kuliko sitini zilizorundikwa, na hapa ndipo kijana anapomhitaji mwalimu, maana ni vigumu mno kwa mchoraji wa miaka kumi na minane kukubali kwamba mchoro wake aupendao kuliko yote ndio dhaifu. Mnunuzi hodari hutaka pia kuona rasimu, kazi iliyoharibika na iliyorudiwa, kwa kuwa humo ndimo anamojua kama kijana huyu ataweza kuifanya tena kazi akipewa agizo.

Kisha yapo mahesabu. Wanafunzi wengi huuza kwa bei ya rangi na kitambaa, wakasahau nauli, siku walizokaa wakifanya kazi, na kazi zitakazobaki bila mnunuzi. Na ipo sheria. Sheria ya haki miliki ya Uganda ya mwaka 2006 humlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini ulinzi huo hautamsaidia kijana anayechora nembo au nakshi za fulana, akatia sahihi karatasi ambayo hakuisoma, akaikabidhi haki yake yote kwa malipo ya siku moja. Somo la ujasiriamali lisilomwonyesha mwanafunzi mkataba wa kweli, akausoma mstari kwa mstari, linambakizia maneno matupu ya kujiajiri.

Hata kijana akifanya hayo yote kwa ukamilifu, mlango anaotumia si wake. Mwezi Julai 2018 Serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu atumiaye mitandao ya kijamii. Kwa mwenye mshahara fedha hizo si kitu. Kwa mwanafunzi ni shilingi 6,000 kwa mwezi kabla hajalipia hata ule muda wenyewe wa mtandao. Wengi walitafuta njia za kuikwepa kodi hiyo, na mwaka 2021 iliondolewa, mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data za intaneti. Mwezi Januari wa mwaka huo, siku za uchaguzi mkuu, mtandao wote ulikatwa kwa siku kadhaa, na Facebook ikaendelea kufungwa hata baada ya mingine kurudi. Aliyekuwa ameliweka jalada lake huko peke yake aliamka akajikuta hana duka. Jambo hili si la Uganda tu. Tanzania nayo ilishuhudia mtandao ukikatwa siku ya uchaguzi wa Oktoba 2025. Serikali zina sababu zao za usalama, na kuzijadili kungehitaji nafasi nyingine. Lakini serikali iliyolifanya somo la ujasiriamali kuwa la lazima haiwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili kana kwamba hayakutani katika simu ya kijana mmoja.

Wala mwalimu hawezi kusahauliwa. Mwaka 2022 mishahara ya walimu wa sayansi wenye shahada nchini Uganda ilipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku ile ya walimu wenzao wa masomo mengine, sanaa ikiwamo, ikiachwa nyuma sana. Mwezi Juni 2025 walimu hao waligoma. Mwalimu wa uchoraji aliyegoma ndiye anayetazamiwa awe pia mpiga picha, mhasibu, mshauri wa mikataba na mlinzi wa diski za wanafunzi wake. Ni rahisi kuandika neno ujasiriamali katika mtaala. Kumpa mwalimu huyo kamera moja, kompyuta moja na diski ya akiba iliyofungiwa kabatini mwa shule kungegharimu kidogo, na kungeokoa kazi nyingi zisifutwe kwa kukosa nafasi.

Wale waliofanya mtihani mwaka 2024, watakaoendelea hadi kumaliza kidato cha sita, wanatazamiwa kufika vyuo vikuu mwaka 2027. Baadhi yao watabisha hodi katika shule ya Margaret Trowell huko Makerere, na watakuwa kundi la kwanza kuulizwa kazi zao wakiwa wamefundishwa, angalau kwenye karatasi, namna ya kuzihifadhi na kuziuza. Wahadhiri watakaowapokea wataona mara moja ni wangapi waliokuja na jalada, na ni wangapi waliokuja na simu iliyojaa.