Bangi na Macho ya Mwendesha Bodaboda



Mwendesha bodaboda hula kwa macho yake. Macho huruka takribani mara tatu kila sekunde: kioo, shimo, mtoto anayevuka. Kila mruko huongozwa na ubongo.

Wavutaji bangi husema stimu zikiisha, mtu yuko sawa. Si kila mara. Mwaka 1999, watafiti nchini Ujerumani waliwapima watumiaji 99. Walioanza kabla ya miaka 16 walikuwa wazito kuchunguza kwa macho. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2002, ulipima watumiaji wa muda mrefu walioanza mapema. Hata wakiwa hawajalewa, macho yao yalitua mahali pengi zaidi na kuchelewa kupata kilichotafutwa.

Barabarani, kuchelewa huko ni breki iliyokosa kushikwa kwa wakati.

Ubongo wa kijana ungali unakua. Wazazi, zungumzeni na watoto mapema, kabla ya kijiwe kuwafundisha. Anayetaka kuacha apige 1192, nambari ya bure ya NACADA, au afike kituo cha afya kilicho karibu.